Mtaa Wako Ndani ya Takwimu: Namba Hizo Zinatoka Wapi?

Katikati ya jiji la Chicago, pale mto unapopinda, kuna kipande kidogo cha ramani ya sensa ambacho chote kiko majini. Hakina nyumba wala kibanda. Lakini ukifungua matokeo ya Sensa ya Marekani ya mwaka 2020, utakuta kipande hicho kina wakazi 14: watu wazima 13 na mtoto mmoja. Hakuna karani aliyezembea, na kompyuta haikuharibika. Namba zilibadilishwa kwa makusudi na ofisi ya sensa yenyewe, tena kwa sababu nzuri ambayo tutaifikia.

Mtu anapoanza kutafuta takwimu za mtaa anaoishi, mara nyingi huja na dhana kwamba kadiri namba inavyosogea karibu na mlango wake ndivyo inavyokuwa ya kweli zaidi. Namba za taifa anaziona za mbali. Za mtaa anaamini atazihakiki kwa macho yake. Mambo huenda kinyume. Takwimu huwa imara kule juu, kwenye taifa na jiji, na hulegea kila unaposhuka ngazi. Zikifika mtaani zimekuwa nyepesi kiasi kwamba asiyejua zilivyotengenezwa anaweza kugombana na jirani yake juu ya jambo ambalo halipo.

Sisemi uachane nazo. Mtakwimu aliye ofisini hajui kwamba jengo refu lile ni bweni la wanafunzi, kwamba eneo lile tupu lilikuwa na nyumba arobaini zilizobomolewa baada ya sensa, au kwamba kituo cha mabasi kimehamishiwa upande wa pili wa barabara. Wewe unayajua hayo. Namba za ngazi ya chini zinamhitaji mkazi azisome kuliko zinavyomhitaji mtu mwingine yeyote, ila lazima kwanza ajue zimepikwaje.

Mtaa unaishia wapi?

Tatizo la kwanza, na kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote, ni mpaka. Waulize majirani watatu mtaa wao unaishia wapi, na huenda ukapata majibu matatu. Ofisi ya takwimu haiwezi kufanya kazi hivyo, kwa hiyo huchora mistari yake. Huko England na Wales vipande vidogo kabisa vya sensa huchorwa kwa msaada wa kompyuta, kwa sharti kwamba kila kimoja kiwe na kaya zisizopungua 40 na wakazi wasiopungua 100. Chicago imegawanywa katika maeneo 77, karibu yote yaliyobuniwa na wanasosholojia wa chuo kikuu cha huko miaka ya 1920, na kwa kuwa mipaka hiyo haijaguswa sana tangu wakati huo, mtu anaweza kulinganisha eneo moja kwa karibu miaka mia. Hiyo ni bahati ambayo miji mingi haina. Kwingine kata hugawanywa, mitaa huunganishwa, majina hubaki yaleyale huku ardhi iliyo chini ya jina imebadilika.

Juu ya hapo kila idara ina ramani yake. Polisi wana maeneo yao ya doria, tume ya uchaguzi ina majimbo yake, elimu ina yake, maji yana yake. Ukichukua idadi ya watu kutoka ramani moja na idadi ya matukio kutoka ramani nyingine kwa sababu tu jina linafanana, umegawanya vitu visivyohusiana.

Mfano unaojulikana duniani kote ni Kibera, jijini Nairobi. Kwa miaka mingi taarifa zilikuwa zikisema kwamba wanaishi watu milioni moja au zaidi pale. Sensa ya Kenya ya mwaka 2009 ikaja na 170,070. Ubishi ulikuwa mkali. Wengine waliona watu wamefichwa, wengine wakasema ile milioni ilikuwa imetoka ripoti hadi ripoti bila mtu kuuliza ilianzia wapi. Kabla hujachagua upande, liko swali la kujibu: Kibera ipi? Vijiji gani viko ndani na vipi viko nje? Ukiongeza au ukiondoa vijiji vya pembezoni, jibu linabadilika kabla karani hajabisha hodi kwenye nyumba yoyote.

Mpaka haubadilishi idadi tu, hubadilisha hata sura ya mtaa. Chukua barabara kuu yenye maghorofa ya wenye nacho upande mmoja na nyumba za kupanga chumba kimoja kimoja upande wa pili. Mstari ukifuata barabara, unapata maeneo mawili, moja tajiri na moja maskini. Mstari ukiikata barabara, unapata maeneo mawili yenye hali ya wastani, na umaskini umetoweka kwenye ramani ingawa hakuna aliyehama wala aliyepandishwa mshahara. Mwaka 1979 Stan Openshaw na Peter Taylor walichukua data za jimbo la Iowa, Marekani, zilizohusu asilimia ya wazee na kura za chama cha Republican, wakazipanga upya katika makundi tofauti ya maeneo. Kwa kusogeza mipaka peke yake waliweza kupata karibu uhusiano wowote: wazee wengi na kura nyingi, wazee wengi na kura chache, na kila kilicho katikati. Data zilikuwa zilezile.

Ndiyo maana napendekeza utafute faili la mpaka kabla ya kutafuta namba yoyote. Ifungue ramani, fuata mstari kwa kidole, uangalie kama nyumba yako imo.

Namba ya juu na namba ya chini

Viwango vingi tunavyovisoma ni sehemu: kitu kimoja juu, kingine chini. Watu hubishana sana juu ya ile ya juu, yaani matukio mangapi, na kuisahau ya chini, yaani kati ya watu gani.

Tuseme mtaa wa kwanza uko kitovu cha jiji, una wakazi 800 na mwaka mmoja umeripotiwa wizi 120. Mtaa wa pili ni wa makazi, una wakazi 20,000 na wizi 400. Kwa kila wakazi 1,000, wa kwanza una wizi 150 na wa pili 20. Gazeti litaandika kwamba mtaa wa kwanza ni hatari mara saba na nusu. Lakini kitovu cha jiji hupitiwa na watu, tuseme, 60,000 kwa siku, na wengi wa waliochomolewa simu hawalali pale. Ukigawanya kwa watu waliopo mchana, kiwango kinakuwa 2 kwa kila 1,000. Mtaa wa pili, wenye watu 25,000 ukijumlisha na wapita njia, unakuwa na 16. Orodha imepinduka.

Hakuna kigawanyo kimoja kilicho sahihi siku zote. Wizi wa majumbani unahitaji idadi ya nyumba. Wizi wa magari unahitaji idadi ya magari. Ajali za barabarani zinahitaji idadi ya safari, ambayo mara nyingi hakuna aliyeihesabu, na hapo ndipo mkazi anayejua barabara ipi imejaa saa ngapi anakuwa na cha kusema.

Hata neno mkazi lina mlango wake wa nyuma. Kenya na Tanzania huhesabu mtu pale alipolala usiku wa sensa. Marekani humhesabu pale anapoishi kwa kawaida. Mtaa wenye nyumba nyingi za wageni utaonekana tofauti kwa njia hizi mbili. Gereza nalo hufanya ajabu zake: Marekani wafungwa huhesabiwa gerezani waliko, kwa hiyo mji mdogo wenye gereza kubwa unaweza kuonekana umejaa wanaume wenye umri wa kufanya kazi ambao hawana kazi. Ukiona mtaa wako una umri au jinsia isiyolingana na unachokiona barabarani, tafuta bweni, kambi au gereza kabla hujatafuta nadharia.

Kuhusu namba ya juu, kumbuka kwamba kilichoandikwa ni kile kilichoripotiwa. New York ilianzisha namba ya simu 311 ya malalamiko ya wakazi mwaka 2003, na kelele zimekuwa miongoni mwa malalamiko yanayoongoza. Ramani ya malalamiko hayo ni hazina, lakini inapima vitu viwili kwa pamoja: palipo na kelele, na palipo na watu wanaoamini kwamba wakipiga simu mtu atakuja. Mtaa uliokata tamaa hauna malalamiko. Kwenye data za polisi hali ni hiyohiyo: vituo vikiongezwa au imani ikirudi, matukio yaliyoandikwa huweza kupanda huku uhalifu wenyewe ukishuka.

Kwa kipato, kuna mtego wa wastani. Kaya kumi, tisa zina kipato cha 20 kila moja, ya kumi ina 820. Wastani ni 100, na hakuna kaya hata moja inayoishi kwa 100. Ukizipanga kwa mstari na kuchukua ya katikati unapata 20. Mtaani, ambako tajiri mmoja anatosha kuupotosha wastani, tafuta daima hiyo namba ya kati.

Uchache wa matukio

Hapa ndipo vichwa vya habari huzaliwa. Mwaka jana nyumba nne zilivunjwa, mwaka huu nane: uvunjaji wa nyumba umeongezeka maradufu. Hesabu haina kosa, ila huenda hakuna kilichobadilika.

Matukio machache yanayotokea bila kupangana huyumba yenyewe. Kanuni ya haraka ambayo watakwimu huitumia ni hii: chukua idadi, tafuta kipeuo chake cha pili, kizidishe kwa mbili, na huo ndio mwendo wa kawaida wa kuyumba juu na chini. Kwa matukio manne, kipeuo ni mbili, mara mbili ni nne. Kwa hiyo mtaa ambao kawaida yake ni nne unaweza kupata chochote kati ya sifuri na nane bila sababu mpya. Kwa matukio 400, kipeuo ni 20, mara mbili ni 40. Kuyumba ni asilimia 10 tu. Jiji lililotoka 400 hadi 800 lina jambo la kueleza. Mtaa uliotoka 4 hadi 8 unapaswa kungoja, au kujumlisha miaka mitatu au mitano na kulinganisha na miaka mingine mitatu au mitano.

Uchache huo hueleza pia kwa nini orodha za mitaa bora na mibaya huwa hazitulii. Marekani, wilaya zenye viwango vya chini kabisa vya saratani ya figo nyingi ni za vijijini zenye watu wachache. Mtu anaanza kufikiria hewa safi na maisha ya shamba. Halafu unatazama wilaya zenye viwango vya juu kabisa: nazo nyingi ni za vijijini zenye watu wachache. Penye watu wachache mgonjwa mmoja tu akiongezeka au akipungua, kiwango kinaruka hadi kileleni au kinaporomoka. Kwa hiyo ukiona mtaa wako uko juu kabisa au chini kabisa ya orodha yoyote, swali la kwanza liwe ukubwa wake.

Takwimu nyingi za mitaa hazitokani hata na kuhesabu wote. Marekani hufanya utafiti mkubwa unaofikia takribani anwani milioni 3.5 kila mwaka kuuliza habari za kipato, makazi na kazi. Kwa maeneo madogo, sampuli ya mwaka mmoja haitoshi, kwa hiyo hutolewa makadirio ya miaka mitano kwa mkupuo, na kando ya kila namba kuna nyingine inayosema makadirio yanaweza kukosea kwa kiasi gani. Tuseme kaya 22 kati ya 100 ziko kwenye umaskini, jumlisha au toa 9. Mtaa wa jirani ni 28, jumlisha au toa 10. Hapo huwezi kusema upi una hali ngumu zaidi. Tovuti nyingi zinazopamba data hizo kwa rangi huitupa ile namba ya kando, na kwangu huo ni udanganyifu hata kama haukukusudiwa.

Kwa nini watu wanaishi mtoni

Turudi Chicago. Jedwali la kipande chenye watu 30 likionyesha umri, jinsia, asili na idadi ya watu kwa kila nyumba, jirani hahitaji jina ili ajue bibi wa miaka 90 anayeishi peke yake ni nani. Ofisi ya sensa imeahidi siri, na ahadi hiyo ndiyo inayowafanya watu wafungue milango. Hivyo kila nchi hutafuta namna ya kuzitia ukungu namba ndogo. New Zealand huzikadiria kwa bahati nasibu ziwe vigawe vya 3, ndiyo maana mtu akijumlisha safu za jedwali hazifiki jumla iliyoandikwa chini. Marekani, katika sensa ya 2020, iliongeza na kupunguza watu kwa hesabu za kubahatisha kwenye vipande vidogo, huku jumla za majimbo zikiachwa kama zilivyo. Wale 14 wa mtoni wamezaliwa na hesabu hizo.

Polisi wa England na Wales hufanya jambo la namna hiyo kwenye ramani yao ya uhalifu. Tukio haliwekwi lilipotokea. Husogezwa hadi kwenye nukta iliyochaguliwa mapema, na kila nukta kama hiyo huwakilisha eneo lenye angalau anwani nane, au lisilo na anwani kabisa kama vile bustani. Mtu anayenunua nyumba akiona nukta mbele ya lango anaogopa, kumbe tukio limetoka nyumba ya sita au mtaa wa nyuma.

Funzo la kiufundi ni jepesi. Kipande kimoja kidogo usikitegemee. Unganisha vipande kumi au ishirini vinavyoshabihiana na ukungu ule hukatana wenyewe kwa wenyewe, kwa kuwa umeongeza hapa na kupunguza pale.

Mtaa na mtu

Kuna kosa moja ambalo hata wasomi hulifanya. Mwaka 1950 W. S. Robinson alichambua Sensa ya Marekani ya mwaka 1930. Akilinganisha majimbo, aliona kwamba majimbo yenye wahamiaji wengi yalikuwa na watu wachache wasiojua kusoma. Mtu angesema wahamiaji wanajua kusoma kuliko wenyeji. Alipotazama mtu mmoja mmoja, ikawa kinyume: wahamiaji ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kutojua kusoma. Walikuwa wamehamia kwenye majimbo ambayo wenyeji wake walisoma zaidi.

Namba ya eneo ni ya eneo. Haikuambii kitu juu ya mtu anayekaa nyumba ya tatu. Kosa hili limewaumiza watu. Miaka ya 1930 shirika la serikali ya Marekani lililoshughulikia mikopo ya nyumba lilichora ramani za zaidi ya miji 200, likipaka rangi nyekundu maeneo lililoyaona ni ya hatari kwa mikopo, na asili ya wakazi ilikuwa mojawapo ya vigezo. Familia iliyokuwa ikilipa madeni yake vizuri ilibeba rangi ya mtaa. Ndiyo maana ninapoona tovuti inayoupa mtaa alama moja kutoka moja hadi kumi, huwa nataka kujua nani atakataliwa nini kwa sababu ya alama hiyo.

Vilevile zipo nafasi za kulinganisha ambazo hupanda na kushuka bila mtaa kujitikisa. England mwaka 2019 ilipanga maeneo 32,844 kuanzia lenye dhiki zaidi hadi lenye dhiki kidogo. Eneo linaweza kusogea nafasi mia kadhaa kwa sababu tu mengine yamebadilika.

Baada ya kusema haya yote, sitaki msomaji abaki akidhani kila namba ya mtaa ni mchanga. Mwaka 2019 watafiti wa chuo kikuu cha New York walitoa makadirio ya umri wa kuishi kwa vipande vya miji ya Marekani. Ndani ya Chicago, Streeterville ilikuwa na takribani miaka 90, Englewood takribani 60. Ziulize namba hizo kila swali tulilouliza hapa. Mipaka inaweza kusogezwa kidogo, watu wanaougua huweza kuhamia penye kodi nafuu, nyumba ya wazee huweza kupandisha vifo vya kipande kimoja. Yote hayo yanaweza kupunguza miaka miwili, mitatu, labda mitano. Miaka 30 haiondoki kwa visingizio hivyo. Namba ikishastahimili maswali namna hiyo, mkazi ana haki ya kuibeba hadi kwenye kikao na kuiweka mezani.

Ukitaka kuanza, anza na swali moja badala ya kupakua kila kitu. Je, watoto wa umri wa kwenda shule wameongezeka hapa kuliko madarasa? Swali kama hilo linakuonyesha data mbili tu unazohitaji, sensa na idara ya elimu, na linakulazimisha kuangalia kama mipaka yao inalingana. Linganisha mtaa wako na jiji zima na mitaa miwili ya ukubwa unaokaribiana. Andika mwaka wa kila namba kando yake. Sensa nyingi hufanyika kila baada ya miaka kumi, na mtaa unaokua kwa kasi huwa umeshakuwa mwingine kabla matokeo hayajachapishwa.

Unapokwama, iandikie ofisi ya takwimu. Huombi hisani. Kanuni za Msingi za Takwimu Rasmi, zilizopitishwa na Kamisheni ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa mwaka 1994 na kuridhiwa na Baraza Kuu mwaka 2014, zinasema takwimu hizo zitolewe bila upendeleo kwa kuheshimu haki ya raia kupata habari, na kwamba ofisi ieleze vyanzo na njia zilizotumika. Barua ifupishwe: taja jedwali kwa jina lake, taja eneo, kisha uombe faili la mpaka uliotumika, tarehe data zilipokusanywa, idadi ya kaya zilizohojiwa kama ni sampuli, na kama namba ndogo zimefichwa au kukadiriwa. Wakisema hawana takwimu za ngazi ya mtaa, omba za ngazi inayofuata juu yake pamoja na orodha ya mitaa iliyomo ndani.